Nyuzi Sitini kwenye Banda la Kakao

Nianze na mdomo wangu, maana ndio ulioleta yote. Mimi nina mdomo. Mume wangu Lugano anajua, wanafunzi wangu kule Dar wanajua, na wifi yangu Jubilate anajua kuliko wote. Yeye ndiye aliyenipigia simu mwezi wa tano, mvua ikiwa haikatiki Kyela nzima, akaniuliza swali la adabu kabisa, na mimi nikamjibu, "Kwani aliyesoma nani, mimi au wewe?"

Alikuwa anauliza habari ya mbegu. Msidhani ni mbegu ya dukani. Mpunga ule marehemu mama mkwe aliuchagua kwa mkono wake miaka zaidi ya thelathini pale Ipinda, suke kwa suke. Kila mavuno alipita shambani kabla ya wavunaji, akafunga vipande vya kitambaa kwenye masuke aliyoyapenda, na ole wake atakayeyagusa. Wali wake ukiwa jikoni, jirani wa nyumba ya tatu anajua leo mmepika nini. Alipofariki, baba mkwe akaendelea kuutunza: madebe mawili ya mbegu kila mwaka, basi. Waliogawiwa zamani walishachanganya na mpunga wa kisasa, ikapotea huko. Iliyobaki safi ilikuwa ile ya baba mkwe peke yake.

Na kazi yangu mimi, ajabu ya Mungu, ilikuwa hiyohiyo mbegu, ila kwa ndani. Kwenye kiini cha punje ya mpunga kuna protini inayofanya kazi pale punje inapokauka. Protini nyingi zina umbo lake. Zikishajikunja zimejikunja, uzitazame leo au kesho ni zilezile. Hii haina. Inajinyoosha, inajipinda, inajikusanya, inaachia, kama kanga iliyoanikwa siku ya upepo. Mtu akiniuliza ina umbo gani, namuuliza saa ngapi. Maji yakianza kuondoka kwenye punje, ndipo inapokwenda kumshika mwenzake, protini nyingine iliyo ukingoni mwa seli, na wakishikana vizuri seli haipasuki. Punje inakauka nayo iko hai, inasubiri mvua.

Mimi naigiza hayo kwenye kompyuta. Unaipa mashine sheria: hiki kinavuta kile kwa nguvu hii, kile kinasukuma hiki, maji nayo yanavuta hivi. Kisha unaiacha ifanye hesabu wiki nzima, wiki mbili, wakati mwingine mwezi. Hupati picha moja. Unapata maelfu kwa maelfu, na kila picha ina uzito wake, na lazima zote kwa pamoja zikubaliane na vipimo vya maabara. Zisipokubaliana, kuna mahali umekosea, hata kama grafu yako inapendeza namna gani.

Zangu hazikukubaliana. Mwenzangu wa maabara anaitwa Raudha, binti wa Tanga, mpole mpaka anakera. Mimi naigiza, yeye anapima. Mwezi wa tatu alikuja na karatasi zake akazitandaza mezani kwangu.

"Dada, protini yako imejikunyata mno," akasema. "Mimi nikiipima kwenye maji naikuta imetanuka, karibu mara moja na nusu ya hiyo yako."

"Inawezekana."

"Sasa kama kwenye mashine inajing'ang'ania yenyewe hivi, si itamng'ang'ania na mwenzake kupita kiasi?"

Alikuwa amegonga penyewe. Sheria nilizotumia zilitengenezwa kwa ajili ya zile protini zenye umbo. Ukizipa hii isiyo na umbo, zinaigandisha. Dawa yake inajulikana: unarekebisha sheria za maji, unaanza upya. Lakini kuanza upya ilikuwa miezi miwili ya foleni kwenye seva, na mwingine wa hesabu yenyewe, na mwezi wa sita nilikuwa na mkutano wa kisayansi, na mkononi nilikuwa na grafu moja nzuri ajabu, inayoonyesha protini zangu mbili zimeshikana bila kuachia mpaka nyuzi sitini za joto. Nikamwambia Raudha tutaliandika chini ya mapungufu ya utafiti. Akazikunja karatasi zake. "Haya," akasema, "mwandishi mkuu ni wewe."

Ndipo ikaja simu ya Jubilate.

"Wifi, ugonile," akaanza, kwa salamu ya kwetu. "Huku mvua haituachi. Mbegu ya mama imeanza kunuka uvundo. Baba ameiweka juu ya moshi wa jikoni, haikauki. Anasema nikuulize wewe unayeijua mpaka ndani."

Mnajiuliza kwa nini baba mkwe asiniulize mwenyewe. Hawezi. Kwetu Wanyakyusa, mkwe wa kike na baba wa mume wanakwepana. Siku hizi wengi wameacha, wapo hata wanaopeana mikono kanisani, ila baba mkwe wangu ni mtu wa zamani, na mimi niliolewa nikaukuta utaratibu nikaufuata. Nikimwona njiani naingia migombani. Yeye kabla ya kuingia uani anakohoa ili nipate pa kupita. Jina lake sijalitamka hata siku moja, na hapa siliandiki. Miaka tisa hatujasemezana neno. Akitaka kitu kwangu anamwambia Jubilate, nami nikitaka kitu kwake namwambia Jubilate.

"Ipelekeni kwenye banda la kakao," nikasema.

Kyela kila mwenye kakao anajua mabanda yale: nguzo, vichanja vya kuanikia, na nailoni juu mpaka pembeni. Hata siku ya mvua, jua likichomoza lisaa limoja tu, ndani hukai.

"Wifi, mle ni moto," Jubilate akasema. "Kile kipimajoto chetu kinasoma hamsini na nane, wakati mwingine kinafika sitini. Na mbegu bado ina maji. Haitaiva?"

"Mpaka sitini haina neno. Siku mbili, mmemaliza. Nimepima."

"Umepima mbegu yenyewe?"

Hapo ndipo nilipomjibu vile nilivyomjibu. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyeaibishwa na anataka yaishe. "Basi wifi, ndaga fijo," akasema. Ananishukuru sana, yaani.

Sikuwa nimepima mbegu yenyewe. Nilikuwa nimepima protini mbili kwenye mashine, kwa sheria ambazo nimeshaambiwa zina kasoro. Na hata zingekuwa hazina kasoro, protini mbili si punje nzima, jambo ninalomfundisha mwanafunzi wa mwaka wa pili. Lakini nilikuwa na ile grafu yangu, na nilisikia raha kwamba mzee ameagiza niulizwe mimi. Nasema ukweli. Nilisikia raha.

Wakafanya nilivyosema. Jubilate akaianika mbegu yote bandani Jumatatu. Jumanne alfajiri akaenda Ikombe kununua vyungu, maana ndiyo biashara yake. Anavinunua kwa wafinyanzi akina mama kulekule na kuviuza mjini Kyela, pale Bondeni. Ikombe unafika kwa mtumbwi, na siku hiyo ziwa likachafuka. Hakurudi Jumanne, akarudi Jumatano jioni. Siku mbili zikawa tatu. Mkumbuke hilo, maana ndilo lililombebesha mzigo usio wake.

Mwezi wa sita nikaenda mkutanoni na grafu yangu nikapigiwa makofi.

Mwezi wa kumi Raudha akanikalia kooni kwa upole wake ule. Nikarekebisha sheria za maji, nikaendesha upya. Majibu yalitoka asubuhi ya Alhamisi. Protini ikatanuka vilevile alivyoipima Raudha, na zile mbili zikaachiana kwenye nyuzi arobaini na tatu. Nilikaa natazama ile namba. Sikufikiria mkutano wala makofi. Nililiona banda la kakao la Ipinda, na mpunga wa mama umetandazwa kwenye kichanja, bado una maji, jua limetoka.

Makala niliirekebisha wiki ileile. Niliwaandikia waandaaji wa mkutano kwamba matokeo yale yasitumike, barua nzuri, ya heshima, wakanisifu kwa uaminifu. Ipinda sikupiga simu. Nilijiambia nisubiri, pengine mbegu imenusurika. Kitu cha kufanya kilikuwa kidogo sana: kumwambia Jubilate ahesabu punje mia, azilaze kwenye kitambaa chenye maji, siku saba tungejua. Sikumwambia kwa sababu niliogopa kujua.

Mwezi wa kumi na mbili akapiga yeye.

"Wifi, kitaluni hakuna kitu. Leo ni siku ya kumi na nne. Nimefukua, punje zimeoza. Zote, wifi." Kisha akaanza kulia, Jubilate ambaye hata msibani kwa mama yake ndiye aliyekuwa anatubembeleza sisi. "Nimekuharibia. Ulisema siku mbili, mimi nikaenda kufuata vyungu vyangu zikawa tatu. Baba haongei na mimi. Nisamehe wifi yangu, nimeua mbegu ya mama."

Na mimi nikasema, "Nimekusamehe, wifi. Usilie."

Jamani. Nilisema hivyo. Nilikuwa nimesimama ofisini, ile namba bado iko ukutani kwangu nimeibandika mwenyewe, arobaini na tatu, na mdomo huu ukasema nimekusamehe. Baada ya kukata simu nilikwenda chooni nikajifungia. Nilitaka mtu anizabe kofi, na hakukuwa na mtu wa kunizaba, maana kila aliyekuwa anajua habari hii aliniona mimi ndiye niliyeharibiwa.

Baada ya mwaka mpya tukaenda Ipinda, mimi na Lugano na mtoto wetu Ezra. Tukakuta baba mkwe ameita kikao cha nyumba. Kuna shamba la chini, karibu na mto, ambalo mama mkwe kabla ya kufa alimwachia Jubilate alilime, kwa sababu Jubilate ndoa ilimshinda akarudi nyumbani na hana pengine. Maji hayakauki pale. Sasa mzee alikuwa anasema aliyeshindwa kulinda mbegu kwa siku tatu hawezi kuachiwa na shamba, litakwenda kwa Gwamaka, kaka yao mkubwa. Jubilate hakubisha. Alikuwa amekonda, akinipakulia chakula haniangalii usoni, na kila kitu nilichoomba alikikimbilia kama mfanyakazi wa ndani.

Mchana ule tukiwa tunakwenda sokoni nilimwambia Lugano. Kila kitu: Raudha, sheria za maji, sitini, arobaini na tatu. Akasimama katikati ya barabara, bodaboda ikampigia honi.

"Unajua tangu mwezi wa kumi?"

"Ndiyo."

Akatembea. Akasimama tena. "Sikiliza mama Ezra. Haya mambo ya kompyuta nani atayaelewa pale? Baba anakuheshimu kupita watoto wake wote. Ukisema hivi unamvunja moyo mara ya pili. Jubi nitamtafutia eneo lingine, polepole. Nyamaza tu."

Nisiseme uongo, nilifurahi. Alinipa ruhusa niliyokuwa naitafuta. Na utaratibu wetu nao ulinifaa, kwa sababu kikaoni mbele ya baba mkwe mimi siingii, na aliyekuwa anapeleka maneno yangu kwa mzee ni huyohuyo Jubilate. Ningemwambia nini? Wifi, nenda ukanisemee kwa baba kwamba siye wewe? Hivyo hata kunyamaza kwangu kungeonekana ni adabu.

Kesho yake saa nne wakakaa barazani. Mimi nilikuwa jiko la nyuma namenya ndizi. Dirisha lilikuwa wazi, nikawa nasikia yote.

Gwamaka alisema yeye hana tamaa na shamba, ila kama baba ameona hivyo. Lugano akasema mambo yaende taratibu. Mzee akamwuliza Jubilate kama ana neno.

"Sina, baba," Jubilate akasema. "Wifi alinielekeza vizuri, mimi ndiye sikufuata. Msimlaumu wifi."

Wala hakuna aliyekuwa ananilaumu! Mtu yuko kwenye kunyang'anywa shamba, na bado anahangaika nisije nikaguswa mimi. Niliweka kisu chini. Nikajifunika kanga kichwani, nikazunguka nyumba kwa nje, nikasimama kwenye kona ya ukuta, pale ambapo nisingemwona mzee wala yeye asingeniona.

"Baba," nikasema.

Miaka tisa hajawahi kuisikia sauti yangu ikimsemesha.

"Shemeji," Gwamaka akasema, "hapa si mahali pako."

"Najua shemeji, nivumilieni. Baba, aliyeua mbegu ni mimi. Jubilate aliniuliza kama lile joto halitaivisha mpunga, nikamgombeza. Nilimwambia nimepima. Sikupima mbegu. Nilitengeneza hesabu kwenye kompyuta, na hesabu ilikuwa na kasoro, na mwenzangu kazini alishaniambia ina kasoro, nikampuuza kwa sababu nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Nilikuja kuirekebisha mwezi wa kumi. Ikasema arobaini na tatu, siyo sitini. Mbegu ilikufa Jumatatu ileile ya kwanza, baba. Hata Jubilate asingekwenda Ikombe, hata angekaa mlangoni pa banda usiku na mchana, ingekufa."

Nikasikia kigoda kinaburuzwa. Jubilate akatokea pale konani, yeye anaruhusiwa kuniona. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Mwezi wa kumi," akasema.

"Ndiyo, wifi."

"Mimi nilikupigia mwezi wa kumi na mbili." Alikuwa anaongea polepole, anapanga. "Nililia kwenye simu. Ukasema umenisamehe. Ulikuwa unanisamehe nini?"

Nilijifunika mdomo wangu huu kwa ncha ya kanga nikatazama chini. Alisubiri. Kisha akafuta uso kwa kiganja na kurudi barazani, na nilimsikia anakaa.

Baba mkwe akakohoa. "Shamba la mama yako ni lako," akamwambia. "Nimekukosea, mwanangu. Gwamaka, hilo limekwisha." Gwamaka akaitikia. Lugano naye akasema kitu, mzee akamkatiza.

Nikadhani wamemaliza, nikageuka nirudi jikoni.

"Mwezi wa tano," mzee akasema, "ulikuwa unajua?"

Hakuna aliyejibu, ndipo nikaelewa kwamba anasema na mimi. Ananisemesha mimi mwenyewe, bila kumtuma mtu.

"Sikuwa najua, baba. Nilikuwa na wasiwasi tu."

"Wasiwasi," akasema. "Na mimi nilikuwa nao. Jumatatu ile mchana niliingia bandani nikasikia harufu ya wali. Mbegu inanuka wali! Nikachukua ungo niitoe. Nikafika mlangoni nikasema hapana, huyu mtoto wa watu amesoma, amepima, mimi mzee nitaharibu kazi yake. Nikairudisha yote."

Sauti yake haikuwa na hasira, na ningeshukuru kama ingekuwa nayo.

"Wewe uliniletea uhakika, mama," akasema. "Ungeniletea na huo wasiwasi wako. Ningeanika nusu."